Uzi wa vitunguu vidogo vya maua ya mwisho wa baridi: walio ughaibuni (na Makete!) tukutane hapa

#1 Binti Pongwe, 12 Oktoba

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi niliuahidi tangu mwaka jana kule kwenye mada ya kulima mchicha ughaibuni, nikawa naahirisha tu. Leo nimerudi kutoka dukani na vitunguu 150, nimepanda nusu, magoti yananiuma, ngoja niandike kabla sijasahau.

Nipo Coventry, mwaka wa tisa huu. Kabustani kangu ka mbele ni kama majamvi mawili ukiyatandika pamoja. Miaka ya kwanza sikuweka kitu zaidi ya sukuma na vitunguu vya majani. Kilichonibadilisha ni asubuhi moja ya Februari. Nimetoka zamu ya usiku, bado giza, watu wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari, nikaona chini ya mti wa jirani vitu vyeupe vimeinamisha vichwa kama watoto waliofumaniwa wanalamba sukari. Nikainama na tochi ya simu. Maua! Kwenye baridi ambayo mimi mwenyewe nimevaa soksi pea mbili.

Nazungumzia maua mafupi yanayotoka kwenye kitunguu na kuwahi kabla miti haijatoa majani. Ile nyeupe ni galanthasi (Waingereza wanaiita tone la theluji). Halafu krokasi, irisi ndogo, sila ya buluu, muskari ambayo imekaa kama kichala cha zabibu, na nasisi zile fupi za njano. Tulipu kubwa za kwenye kalenda za Uholanzi zina wenyewe. Mwaka wa kwanza zinakupa raha, wa pili zinapungua, wa tatu unabaki na majani. Hizi ndogo ukizipatia mahali zinarudi kila mwaka na kuzaana, tena upepo hauziangushi.

Kupanda ni sasa, Septemba mpaka Novemba. Kina ni mara tatu ya kimo cha kitunguu. Kwa krokasi mimi napima vidole vinne nikivilaza shimoni. Ncha iangalie juu. Kama huoni ncha iko wapi, kilaze ubavu, kitajigeuza chenyewe.

Kwa nini upande wakati kila kitu kinakufa? Chukua kitunguu kimoja cha nasisi ukipasue katikati leo hii. Ndani utakuta ua limeshaumbika, dogo kama punje ya mtama, limejikunja. Linangoja mizizi ishike, halafu lipigwe na baridi wiki 12 hadi 16, ndipo bua lirefuke. Bila baridi hiyo linabaki humo humo, au linatoka kibete kimekwama kwenye majani.

Sasa kosa langu kubwa, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka wa kwanza nilipanda krokasi 50 na nasisi 30. Zikachanua, mtaa mzima ukanisifia. Aprili maua yakaisha, majani yakaanza kulala chini, marefu, yamechakaa, mengine yana njano. Na sisi wengine tumelelewa na ufagio wa chelewa. Uwanja wa bibi yangu Pongwe alfajiri ulikuwa na mistari ya ufagio kama kichwa kilichosukwa, jani moja likidondoka mtu anaitwa jina lake la pili. Nikawa na wageni wa Idi wanakuja. Nikatoa mkasi, nikakata yote mpaka chini, nikafagia. Pakapendeza kweli.

Mwaka uliofuata nasisi zilichanua 3. Krokasi zikatoa nyuzi za majani kama nyasi, basi.

Nikaja kuelewa baadaye kwamba yale majani mabaya ndiyo yanayokipikia kitunguu chakula cha mwaka mzima. Ua la mwaka kesho linaumbwa wakati ule ambao wewe unaona aibu na bustani yako. Tangu siku hiyo siyagusi. Nangoja wiki 6 hivi, mpaka yawe ya njano na ukiyavuta kwa vidole viwili yanakuja bila kubisha. Kuyafunga mafundo kama wanavyofanya wengine pia siyo, jani linataka jua.

Wengine mnafanyaje huko mliko?

#2 Mchicha Kwanza, 12 Oktoba

Dada, vitunguu 150 na hakuna hata kimoja cha kuingia kwenye pilau? Ughaibuni kumewaharibu jamani.

#3 Ngalawa, 12 Oktoba

Asalaam aleikum. Kwenye kamusi kitu hicho kinaitwa tunguu. Nimelitafuta neno hilo humu jukwaani, nyuzi zote zilizokuja ni za watu wanauza viwanja Tunguu, Unguja 😂. Na mimi ndiko kwetu khasa.

Suali langu: hiyo krokasi si ndiyo ya zafarani? Hapa Muscat zafarani nzuri bei yake unaijua. Nikipanda barazani kwangu nitavuna?

#4 Binti Pongwe, 12 Oktoba

Ngalawa, waaleikum salaam. Ni ukoo mmoja, lakini ya zafarani ni Crocus sativus na yenyewe inachanua sasa hivi, Oktoba na Novemba, si mwisho wa baridi. Kila ua lina nyuzi 3 nyekundu tu. Ili upate gramu moja kavu unahitaji maua kama 150. Yaani mfuko wangu wote wa leo, ungekuwa wa zafarani, ungetosha pilau za sikukuu moja na ukamwalika shemeji mmoja.

Barazani Muscat sidhani, joto litakivuruga. Kule juu Jabal Akhdar wanakolima waridi ningejaribu.

Ila tafadhali sana, chunga hili. Kuna ua linaitwa kolkikamu, linachanua majira hayo hayo, linafanana na krokasi kama pacha, na ni sumu kali. Fungua ua uhesabu vijiti vya chavua ndani. Krokasi ina 3. Kolkikamu ina 6. Usipokuwa na hakika nunua zafarani yako dukani, uishi.

@Mchicha Kwanza, pilau umeitaja kama utani, lakini ngoja nikuhadithie.

Mama alikuja kunitembelea miaka mitatu iliyopita, Oktoba kama hii. Nilikuwa nimeacha nasisi za Tête-à-tête kwenye wavu jikoni, karibu na viazi. Ukiziona, ganda la kahawia, umbo la kitunguu kabisa, zile ndogo ndogo tamu za kukaangia nyama. Nimetoka kazini nikamkuta mama kakaa kwenye kiti, kisu mkononi, kavimenya vinne, vimeshakatwa duara duara kwenye sahani. Hajavitia chunguni. Kakunja uso, anavinusa.

Akaniambia, “Mwanangu, vitunguu vya huku mbona haviniliz? Na vinanata kama bamia.”

Mungu ni mkubwa. Mkono mzima ulimwasha mpaka usiku, ule utomvu wake unachoma ngozi. Sahani niliiosha mara tatu. Mpaka leo akinipigia simu anauliza “vile vitunguu visivyoliza.”

#5 Binti Pongwe, 12 Oktoba

*haviniliz = haviniliza. Vidole vina udongo bado.

#6 Nesi wa Zamu, 13 Oktoba

Mama yako ana pua nzuri, imewaokoa. Kitunguu cha nasisi kina kitu kinaitwa laikorini. Ukikila unatapika, tumbo linakata, unaharisha, na kukipika hakuondoi sumu. Watu huwa wanakikosea kwa kitunguu cha kula, majani yake nayo wanadhani ni vitunguu vya majani.

Mimi nyumbani kwangu hivi vitu havivuki mlango wa jikoni. Vinakaa stoo, kwenye mfuko wa karatasi, nimeandika SUMU kwa kalamu nene. Mtu akila, usimlazimishe kutapika. Piga simu huduma ya dharura ya mahali ulipo, na kama kuna kipande kimebaki nenda nacho wakione.

#7 Mchicha Kwanza, 13 Oktoba

Nimefuta utani wangu.

#8 Mzee Kobe, 14 Oktoba

Wanangu, hamjambo. Nipo Aberdeen, Uskoti, mwaka wa 31 sasa. Binti Pongwe umeandika vyema, nami nilipofika kwenye wageni wa Idi nilicheka peke yangu. Naongeza kuhusu galanthasi maana watu wengi wanaibiwa hela hapo.

Galanthasi haipendi kukaushwa. Kitunguu chake ni kidogo na ngozi yake nyembamba. Kikikaa wiki kadhaa kwenye rafu ya duka maji yote yanatoka, unanunua maganda. Nilipanda 50 vya pakiti, nikaona 6.

Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima ambaye hata hatukuwa tumezoeana, aliniona nimeinama navihesabu. Kesho yake akaja na uma wa bustani na fungu limefungwa kwenye gazeti. Ilikuwa Machi, maua yamesinyaa, majani bado mabichi, mizizi inaning'inia na udongo wake. Akapiga magoti pale pale kwenye matope, akawa anayatenganisha kwa vidole, mawili mawili, matatu matatu, kama mtu anayechambua dagaa. Akanionyesha kwenye bua: hapa chini peupe, hapa juu kijani. Ule mpaka ndio uso wa ardhi ilivyokuwa. Fukia mpaka hapo. Tukamaliza tukamwagia birika moja la maji. Mwaka uliofuata yote yaliota.

Kwa hiyo galanthasi iombe kwa jirani, au nunua zile zinazouzwa zikiwa na majani, Februari na Machi. Ukilazimika kununua kavu, zipande siku hiyo hiyo. Na uliza zimetoka wapi. Miaka ya nyuma Uturuki vilichimbwa porini kwa mamilioni kuja kuuzwa Ulaya, hadi biashara ya galanthasi ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini. Nunua zilizooteshwa shambani.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ua la maziwa. Na wapo waliopata kichaa kwa hilo ua. Mwaka 2022 kitunguu kimoja cha aina ya Golden Tears kiliuzwa mtandaoni pauni 1,850. Kimoja! Tofauti yake na cha kwangu ni madoa ya njano mahali ambapo changu kina kijani.

#9 Binti Pongwe, 14 Oktoba

Shikamoo mzee. Hiyo ya mpaka wa nyeupe na kijani nilikuwa siijui, nashukuru sana. Pauni 1,850 nyumbani ni kiwanja.

#10 Ngalawa, 14 Oktoba

Tena Tunguu.

#11 Mjukuu wa Chifu, 16 Oktoba

Wakuu, nipo Minnesota. Huku Februari usitegemee ua lolote, theluji iko magotini. Zetu zinaanza mwisho wa Machi, mara nyingi Aprili, zikitoka zinatoka zote kwa pamoja kama watu wa daladala mwisho wa njia.

Tatizo letu kindi. Unapanda mchana, yeye kakaa kwenye uzio anaangalia, ukiingia ndani anashuka kufukua. Mwaka juzi nilipanda tulipu 40, asubuhi nakuta mashimo 40, amepanga maganda pembeni vizuri utafikiri ananionyesha hesabu. Nilichojifunza:

Nasisi na galanthasi hagusi, anajua ni sumu kuliko sisi. Tulipu na krokasi ndiyo biriani yake. Kwa hizo natandika wavu wa kuku juu ya udongo, nabana pembe kwa mawe, majani yakianza kuchomoza nauondoa. Na maganda makavu ya vitunguu yanayobaki kwenye mfuko usiyaache pale juu, harufu yake inamwita. Fagia. Hapo ndipo ufagio wa bibi wa Pongwe unapotakiwa.

Krokasi inayoitwa Crocus tommasinianus, nyembamba ya zambarau, huwa wanaiacha zaidi kuliko nyingine. Siyo kwamba hawaigusi kabisa.

Sila ya buluu ukiiona karibu chavua yake nayo ni ya buluu. Nyuki anaondoka na vifuko vya buluu miguuni, nimempiga picha nitaiweka. Ila huku kwetu inatoroka bustanini inaingia msituni na haifukuziki, kwa hiyo mimi nimeacha kuipanda. Jina lake linasema ya Siberia lakini asili yake ni pande za Kaukazi na Uturuki. Aliyeipa jina hakuuliza wenyeji.

#12 Kazi Maua, 17 Oktoba

Hamjambo wote. Mimi niko Naivasha, nimefanya kwa shamba la waridi miaka saba, upande wa chumba cha baridi. Sijawahi panda hizo zenu lakini nimesoma uzi wote.

Kitu moja tu. Kama mtu anaweka hizo vitunguu kwa friji, asiziweke na matunda. Tufaha, ndizi, parachichi, hizo zikiiva zinatoa gesi inaitwa ethilini. Hauioni, hainuki. Kwa waridi inafanya petali zianguke kabla zifike Uholanzi. Kwetu supavaiza akikupata umeingia na ndizi kwa mfuko, siku hiyo utaongea Kiingereza yote unajua.

#13 Binti Pongwe, 17 Oktoba

Kazi Maua, hiyo ni ya dhahabu. Kwenye kitunguu gesi hiyo inaua lile ua dogo humo ndani. Nje kinabaki kizuri, unapanda, unapata majani matupu, unalaumu duka.

#14 Baridi ya Makete, 20 Oktoba

Habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo nimejisajili kwa ajili ya huu uzi.

Mimi si wa ughaibuni. Nipo Makete, Njombe. Julai hapa asubuhi majani ni meupe kwa sakitu, maji kwenye beseni yanashika ngozi ya barafu. Nimepata krokasi 10 kwa muuza maua mmoja wa Nairobi, ameniambia “baridi yenu inatosha, fukia tu.” Ni kweli?

#15 Binti Pongwe, 20 Oktoba

Karibu sana ndugu yangu. Kwanza, hakikisha viliingia nchini na cheti cha afya ya mimea, na hata kuvivusha mpaka wa Tanzania TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) wanataka kibali. Siyo urasimu wa bure. Kuna minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayokaa ndani ya vitunguu vya nasisi, na hiyo hiyo inakula vitunguu vya kawaida na saumu. Ikiingia shambani kwa jirani hutapendwa.

#16 Baridi ya Makete, 20 Oktoba

Karatasi zipo, nilizidai kabla sijalipa. Mimi nalima viazi, magonjwa ya mbegu nayajua yanavyofilisi mtu.

#17 Binti Pongwe, 20 Oktoba

Safi. Sasa baridi ya Makete. Usiku ni kali kweli, lakini saa nne jua linatoka udongo unapata joto, unaanza upya. Kitunguu kinataka ubaridi usiokatika, chini ya nyuzi 9, vizuri zaidi 4 au 5, kwa miezi mitatu na ushee. Hiyo unayo sehemu moja tu: kwenye friji.

Usiviweke vikavu. Chukua kopo la siagi, toboa chini, weka udongo wenye mchanga, panga vyote 10 karibu karibu bila kugusana, fukia ncha tu zionekane. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa ulichokikamua. Funika na mfuko wa karatasi, rafu ya chini, mbali na matunda kama alivyosema wa Naivasha. Kila baada ya wiki mbili gusa udongo kwa kidole, ukikauka ongeza maji kijiko. Mizizi inaota humo gizani.

Mwanzoni mwa Februari toa. Utaona vichipukizi vyeupe. Usivikimbize juani, viweke kivulini siku kadhaa vipate rangi kwanza.

Na nikuambie ukweli, mwaka unaofuata usitarajie virudi vyenyewe.

#18 Baridi ya Makete, 20 Oktoba

Mke wangu anauliza udongo kwenye friji utakaa karibu na maziwa au na nyama.

#19 Mzee Kobe, 21 Oktoba

Mwambie mkwe wangu ukae karibu na bia zako, atakubali.

Lakini mwanangu wa Makete, wewe una utajiri ambao sisi huku tunauota. Hapo juu yako ni Kitulo, Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005. Zile okidi za ardhini zinafanya kazi hii hii. Zinalala chini na kiazi chao, mvua za Desemba zikipiga uwanda wote unafunguka. Viazi hivyo ndivyo vinavyochimbwa kuvushwa Zambia kwenda kupikwa chikanda, chakula cha kule, na vinaisha. Kazione zikiwa palepale.

Na sisi tuliozaliwa Kisarawe tulikuwa na lile ua jekundu la duara, kama mpira wa nyuzi za moto, linatoka ardhini mvua za kwanza zikidondoka, kabla hata ya majani yake kukamilika. Mama aliliita nyinyoro. Lile nalo ni kitunguu. Hawa wa Ulaya wanangoja baridi, lile linangoja mvua. Ukitaka kitu kitakachorudi kila mwaka bila friji, lile litakufaa.

#20 Mjukuu wa Chifu, 3 Novemba

Picha ya kindi kakaa JUU ya wavu wangu wa kuku, kakunja mikono. Sina la kusema.

#21 Binti Pongwe, 29 Januari

Nimeufufua uzi. Galanthasi ya kwanza leo, upande wa ukuta. Moja. Ina theluji mgongoni na haijali.

Irisi ndogo pia zimetoa ncha, kama penseli za kijani. Hizi ni nzuri mno, zambarau na ulimi wa dhahabu, harufu kidogo ukiinama, lakini zina kiburi. Udongo wangu ni mfinyanzi, mwaka jana zilioza nusu. Safari hii nimezipanda kwenye chungu nimechanganya changarawe. Na hata zikifurahi, baada ya mwaka wa kwanza kitunguu kinapasuka vitoto vidogo vidogo ambavyo havichanui mpaka vikue. Mimi nimekubali kuzinunua kila mwaka kama ninavyonunua kanga.

#22 Mchicha Kwanza, 8 Februari

Dada, nipo Birmingham, si mbali na wewe. Kwenye bustani ya hospitali nimeona ua la njano, fupi kama kikombe cha kahawa, limevaa kola ya kijani shingoni. Jina lake nani? Siulizi kwa ajili yangu.

#23 Binti Pongwe, 8 Februari

Hahaha, na huyo unayemuulizia msalimie. Hiyo ni eranthisi. Kinachopandwa ni kijikiazi kama kipande cha tangawizi kilichosahaulika kabatini. Kiloweke kwenye maji usiku mmoja kabla ya kupanda, la sivyo hakiamki. Nayo ni sumu.

#24 Mchicha Kwanza, 8 Februari

Kila kitu chenu sumu. Haya, swali la maana sasa: hapo penye vitunguu, Juni nikipandikiza mchicha wangu juu yake itakuwaje? Sina nafasi ya kugawa.

#25 Binti Pongwe, 9 Februari

Inategemea chini kuna nani. Galanthasi, nasisi, muskari, endelea tu. Ikifika Juni majani yao yameshalala, wao wapo chini vidole vinne, mchicha unakaa juu juu. Tumia mkono, usitumie jembe, na mbolea ya samadi mbichi usiweke. Lakini juu ya irisi ndogo na tulipu, hapana. Hao asili yao ni milima ya Uturuki na Asia ya Kati, kiangazi chao kikavu kabisa, ukimwagia mchicha maji kila jioni unawaozesha.

Mimi mchicha wangu uko juu ya nasisi mwaka wa tatu sasa. Wanapishana tu kama watu wa zamu.

#26 Baridi ya Makete, 6 Februari, imechelewa kuidhinishwa

Nimetoa kopo jana. Wiki 14 na siku kadhaa kwenye friji. Vimechipua 8, urefu wa kucha ya kidole gumba, vyeupe kama mizizi ya maharage. Viwili vimeoza, nadhani nilimwagia sana Desemba tulipokuwa na wageni, kila aliyefungua friji akawa anavionea huruma. Nimeliweka kopo chini ya dirisha la stoo.

#27 Binti Pongwe, 9 Februari

8 kati ya 10 kwa mara ya kwanza ni ushindi. Mimi nilianza na 3, tena kwa mkasi wangu mwenyewe.

#28 Ngalawa, 20 Februari

Nimepata muskari tatu kwenye gilasi, sikuzipanda mimi, nimenunua zishachanua duka la maua. Zinahesabika?

#29 Mzee Kobe, 20 Februari

Zinahesabika.

#30 Baridi ya Makete, 2 Machi

Wakuu, zimefunguka! Tatu. Zambarau yenye mistari, katikati nyuzi za rangi ya chungwa. Saa nne jua lilipogonga dirisha zikafunguka zikawa kama nyota, watoto wa shule wamepita kuangalia, mwalimu wao naye. Ila saa tisa lilipoingia wingu zote tatu zimejifunga zimekuwa kama vidole. Zimekufa?

#31 Binti Pongwe, 2 Machi

Hazijafa. Zinajifunga baridi ikirudi. Kesho saa nne kaa hapo hapo dirishani na chai yako.

#32 Baridi ya Makete, 3 Machi

Saa nne na dakika kumi. Nne sasa.